Cheti cha Usalama wa Moto na Wajibu wa Mwenye Jengo

Mgeni anayeingia katika nyumba ya kulala wageni huona ukutani, karibu na meza ya mapokezi, leseni ya biashara, picha ya Rais na, pale ambapo mmiliki ametimiza wajibu wake, cheti cha Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ni mara chache mgeni huyo kwenda kuutazama mlango wa nyuma. Akienda, huenda akaukuta umefungwa kwa kufuli, ufunguo umeondoka na mhudumu aliyekwisha kwenda kulala kwake, na mbele ya mlango yamepangwa makreti ya soda. Cheti ni halali na tarehe yake haijapita. Hata hivyo, usiku ule jengo si salama.

Wananchi wengi, wakiwamo wamiliki wa majengo, hudhani kwamba sheria ya moto inadai karatasi, na kwamba karatasi ikishapatikana wajibu umekwisha. Ukweli ni kwamba cheti huthibitisha hali ya jengo lilivyokuwa siku ya ukaguzi. Siku nyingine zote za mwaka zimo mikononi mwa mmiliki na watu wanaolitumia jengo hilo. Makala hii inaeleza sheria inadai nini, cheti kinapatikanaje, na matunzo gani yanapaswa kuendelea baada ya mkaguzi kuondoka.

Sheria inayohusika

Msingi wa wajibu huu ni Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji Namba 14 ya mwaka 2007, pamoja na kanuni zake, zikiwamo za ukaguzi na vyeti za mwaka 2008. Zamani vikosi vya zimamoto mijini vilikuwa chini ya halmashauri. Sheria hiyo iliviunganisha na kuwa Jeshi moja la taifa, lililo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Kwa sababu hiyo mwananchi anayefika katika ofisi za Halmashauri akitaka cheti cha moto huelekezwa kwenye ofisi ya Zimamoto ya wilaya au ya mkoa.

Halmashauri nayo haikubaki bila kazi. Ndiyo inayopokea maombi ya vibali vya ujenzi, inayosimamia matumizi ya ardhi na majengo, na inayotoa leseni za biashara zilizo ndani ya mamlaka yake. Aidha, pale ambapo jengo ni mahali pa kazi, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Namba 5 ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake dhidi ya hatari, ikiwamo ya moto. Mwenye kiwanda au ghala, kwa mfano, anaweza kukaguliwa na Zimamoto na pia na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, na ukaguzi mmoja haufuti mwingine.

Sheria ya Zimamoto inampa afisa mkaguzi mamlaka ya kuingia katika jengo, kulikagua, na kuelekeza kasoro zirekebishwe. Kumzuia afisa huyo au kupuuza maelekezo yake kwaweza kumfikisha mmiliki mahakamani, na kutojua sheria hakukubaliki kuwa utetezi.

Majengo yanayolengwa

Kwa jumla, ukaguzi na cheti huhusu majengo ambamo watu wengi hukusanyika, hulala, hufanya kazi au hununua bidhaa: nyumba za kulala wageni na hoteli, shule na mabweni, hospitali na zahanati, maduka na masoko, maghala, viwanda, ofisi, kumbi za starehe, nyumba za ibada na vituo vya mafuta. Ukubwa wa jengo si kigezo pekee. Hosteli ya vyumba 8 iliyo juu ya duka la vifaa vya ujenzi, lenye rangi na tina, inaweza kuwa hatari kuliko ofisi ya ghorofa 3.

Suala linalosahauliwa mara nyingi ni kubadili matumizi ya jengo. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya familia moja hugeuzwa kuwa bweni la wanafunzi. Fremu za duka huwa karakana ya kuchomelea vyuma. Sebule huwa ukumbi wa kuonyesha mpira. Kuta ni zile zile, lakini idadi ya watu, mzigo wa umeme na aina ya vitu vinavyoweza kuwaka vimebadilika. Mmiliki anayetaka kubadili matumizi anapaswa kuomba kibali Halmashauri na kuomba ukaguzi mpya wa Zimamoto kabla ya kuingiza watu. Cheti kilichotolewa kwa matumizi ya awali hakiyathibitishi matumizi mapya.

Namna cheti kinavyopatikana

Kwa jengo jipya, safari huanza kwenye karatasi. Michoro hupelekwa Zimamoto ikaguliwe kabla ujenzi haujaanza, ili wataalamu waone upana wa ngazi, idadi ya milango ya kutokea, njia ya gari la zimamoto kulifikia jengo, na mahali pa kuweka vifaa vya kuzimia moto. Kuongeza ngazi ya pili kwenye mchoro ni kazi ya kalamu na rula. Kuiongeza kwenye jengo lililokwisha kupigwa lipu ni gharama ya nondo, saruji na kodi za wapangaji waliohamishwa.

Kwa jengo linalotumika, mmiliki huwasilisha maombi ya ukaguzi katika ofisi ya Zimamoto. Ada hutegemea aina na ukubwa wa jengo kwa mujibu wa kanuni, na hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali kupitia benki au simu ya mkononi. Mmiliki asimpe mkaguzi fedha taslimu, na atunze stakabadhi yake.

Siku ya ukaguzi ni vema mmiliki mwenyewe awepo, au msimamizi anayelifahamu jengo na mwenye funguo za vyumba vyote. Mkaguzi hutazama njia za kutokea, vifaa vya kuzimia moto, mfumo wa umeme, mahali panapotunzwa gesi na mafuta, na uelewa wa watu waliomo. Kasoro zikionekana, huandikwa na mmiliki hupewa maelekezo ya kuzirekebisha. Orodha hiyo isichukuliwe kuwa adhabu, kwa kuwa ni ushauri wa mtu aliyefunzwa kuona yale ambayo mwenye jengo ameyazoea hata hayaoni tena. Masharti yakitimizwa, cheti hutolewa. Cheti hudumu mwaka mmoja, na mmiliki anapaswa kuomba ukaguzi mwingine kabla muda haujaisha.

Njia ya kutokea: mwizi na moto

Miongoni mwa matunzo yote, la kwanza ni njia ya kutokea, na ndilo linalovunjwa mara nyingi kwa nia njema. Mmiliki huogopa mwizi. Huweka nondo madirishani, geti la chuma kwenye ngazi na kufuli kwenye mlango wa nyuma. Kila kimoja humzuia mwizi asiingie, na usiku wa moto kila kimoja humzuia mtu asitoke.

Nchi hii imekwisha kulipa gharama kubwa. Mwezi Juni 1994 moto wa bweni katika Shule ya Sekondari Shauritanga, wilayani Rombo, uliua wasichana zaidi ya 40. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Septemba 2020, wanafunzi 10 wa shule ya msingi wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, walipoteza maisha bweni lao lilipoungua. Mzazi anayempeleka mtoto bweni humkabidhi kwa watu asiokuwa nao usiku, na hana ulinzi mwingine ila uaminifu wao katika mambo madogo kama ufunguo.

Mwizi na moto vinaweza kuzuiwa kwa pamoja. Mlango wa dharura ufungwe kwa kitasa au komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo, hata gizani. Mlango huo ufunguke kuelekea nje, kwa sababu watu wanaosukumana kwa hofu hawawezi kuvuta mlango kuelekea kwao. Angalau baadhi ya nondo za madirisha zitengenezwe kwa bawaba, zifunguke kwa ndani. Bweni liwe na milango miwili iliyo mbalimbali, ili moto ukiziba mmoja, mwingine ubaki wazi. Mlinzi wa usiku awe macho nje ya jengo; kazi yake isibebeshwe kufuli.

Korido na ngazi nazo ziachwe tupu. Katika nyumba nyingi za wageni, bodaboda huingizwa ndani usiku zisiibwe, na kuegeshwa koridoni. Kila pikipiki ina petroli, na imesimama katikati ya njia pekee ya wageni waliolala. Mmiliki anayejali wateja wake huwatengea maegesho yenye uzio nje ya jengo.

Mitungi ya kuzimia moto

Mtungi unaoning'inia ukutani hauna faida endapo umeisha nguvu au hakuna anayejua kuutumia. Kwa mitungi yenye saa ya mgandamizo, mshale huwa katika sehemu ya kijani. Mtungi wa kaboni dayoksaidi hauna saa hiyo, hivyo hali yake hujulikana kwa kupimwa uzito. Mmiliki au msimamizi aipitie mitungi yote kila mwezi: pini ipo, lakiri haijakatika, mpira haujapasuka, na hakuna kilichopangwa mbele yake. Mara moja kwa mwaka ihudumiwe na fundi anayetambuliwa, aandike tarehe kwenye kibandiko chake.

Aina ya mtungi ilingane na hatari iliyopo. Maji hufaa kwa mbao, karatasi na nguo. Hayafai kwa moto wa umeme, na ni hatari kubwa kwa mafuta yanayowaka, kwani lita moja ya maji ikichemka hugeuka zaidi ya lita 1,600 za mvuke na kuyarusha mafuta yale jikoni kote. Sufuria ya mafuta ikiwaka, zima jiko na uifunike kwa mfuniko. Mtungi wa unga hufaa kwa moto wa aina nyingi, na wa kaboni dayoksaidi hufaa zaidi penye vifaa vya umeme.

Kila mfanyakazi ajue hatua nne: kuvuta pini, kuelekeza mdomo wa mpira kwenye kitako cha moto, kubana mkono wa mtungi, na kuzungusha kushoto na kulia. Mtungi mdogo hauzidi takriban nusu dakika. Usipouzima moto ndani ya muda huo, kinachobaki ni kutoka na kufunga mlango nyuma yako.

Umeme na gesi

Wajibu wa shirika la umeme huishia kwenye mita. Kuanzia hapo hadi kwenye soketi ya mwisho ni mali na jukumu la mwenye jengo. Kazi ya kutandaza nyaya ifanywe na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA. Swichi ya kukatia umeme inapojizima mara kwa mara, inatoa taarifa kwamba mzigo umezidi au kuna hitilafu. Kuweka kubwa zaidi, au kufunga kipande cha waya mahali pa fyuzi, ni kumnyamazisha shahidi: waya ulioko ukutani huendelea kupata joto bila mtu kuona. Vilevile, ekstensheni moja isibebeshwe pasi, jiko la umeme na friji kwa pamoja.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hujikusanya chini, kwenye pembe za chumba na mashimo ya maji machafu. Jikoni pa mgahawa mtungi ukae nje ya jengo, umesimama wima, mahali penye hewa. Mpira na rejeta vikaguliwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Harufu ikisikika, fungua madirisha, funga mtungi, na usiguse swichi yoyote ya taa, ama kwa kuwasha ama kwa kuzima. Petroli ya jenereta nayo isihifadhiwe ndani ya jengo wanamolala watu, wala chini ya ngazi.

Mwenye jengo na mpangaji

Mgogoro wa kawaida huzuka pale mkaguzi anapokuta kasoro: mmiliki humtaja mpangaji, na mpangaji humtaja mmiliki. Sheria humtazama mwenye jengo na vilevile anayelitumia. Kwa busara ya kawaida, yaliyo ya jengo lenyewe, kama ngazi, milango ya dharura, nyaya za ukutani, king'ora na mitungi ya maeneo ya pamoja, ni ya mmiliki. Yaliyo ya shughuli, kama mpangilio wa bidhaa, jiko, vifaa vya umeme na mafunzo ya wafanyakazi, ni ya mpangaji.

Njia bora ni kuyaandika katika mkataba wa pango: nani anahudumia mitungi, nani anatunza funguo, nani anaomba ukaguzi, na mmiliki anaruhusiwa kuingia kukagua lini. Mistari michache katika mkataba huokoa maneno mengi baada ya hasara. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo, wakimaanisha vijinga vya moto vikutanapo. Katika kuuzuia moto pia, mkono mmoja hautoshi.

Daftari la mwaka mzima

Mmiliki anayetaka ukaguzi wa mwaka ujao uwe mwepesi afungue daftari la usalama wa moto. Ndani yake aandike tarehe, kilichokaguliwa, kasoro iliyoonekana, aliyekagua, na siku kasoro ilipoondolewa. Humo pia huandikwa mazoezi ya kujiokoa: siku, saa, idadi ya watu, na dakika walizotumia kufika mahali pa kukusanyikia. Kwa shule za bweni, inafaa zoezi lifanyike kila muhula, na angalau mara moja lifanyike usiku, kwa sababu mtoto aliyeamshwa gizani hafanyi yale aliyoyaweza mchana.

Zipo sababu za kuzidisha umakini huu katika kata zilizo mbali na makao makuu ya wilaya. Chumba chenye magodoro ya sponji kinaweza kuwaka chote ndani ya dakika chache tu, na moshi wake huua kabla ya miali kufika. Gari la zimamoto linahitaji muda kupita barabara ya vumbi, kuvuka daraja na kutafuta mahali pa kuongeza maji. Dakika za mwanzo, ambazo huamua nani atatoka, ni za jengo lenyewe na watu waliomo. Ndiyo maana sheria imeweka mzigo mkubwa kwa mmiliki.

Nafasi ya mwananchi

Mkazi wa kawaida ana sauti katika jambo hili. Mzazi anaweza kuuliza shuleni mlango wa bweni hufunguliwaje usiku na ufunguo uko kwa nani. Mgeni anaweza kuomba kuonyeshwa njia ya kutokea kabla hajalipia chumba. Mfanyakazi anaweza kumweleza mwajiri kwamba mtungi umepitwa na tarehe. Pale ambapo hatari ni ya wazi na mmiliki hasikii, taarifa ipelekwe ofisi ya Zimamoto, au kwa Mtendaji wa Kata ili aifikishe panapohusika.

Moto ukitokea, piga 114, namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kupiga namba hiyo ni bure. Taja kata, kijiji au mtaa, na alama inayojulikana iliyo karibu, kama shule, msikiti, kanisa au mnara wa simu. Eleza kinachoungua na kama kuna watu ndani. Usikate simu kabla hujaulizwa yote. Kisha mtume mtu barabarani akalipokee gari na kulielekeza.

Wamiliki ambao vyeti vyao vinakaribia kuisha wanashauriwa kuwasilisha maombi mapema. Na kabla ya kufika ofisini, kila mmoja wao afanye jambo moja usiku wa leo: wageni, wapangaji au wanafunzi wakishalala, auendee mlango wa nyuma, asishike ufunguo, na ajaribu kuufungua kutoka ndani.